Kuuza vifaa na huduma za visima vya mafuta Uganda: kuanzia kuomba kazi hadi kulipwa

Rigi, yaani mtambo wa kuchoronga kisima, hulipiwa kwa siku, na ukijumlisha huduma zote zinazoizunguka, gharama hufika makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Rigi ikisimama saa sita kungoja gasketi (kizuia uvujaji kwenye kiungio) ya dola 40, mnunuzi hatakumbuka kwamba ulimpunguzia dola 5. Atakumbuka zile saa sita. Kazi ya mauzo katika sekta hii ni kumhakikishia mtu kwamba kitu sahihi, chenye karatasi sahihi, kitakuwa mahali pake kabla hakijahitajika. Bei hujadiliwa baada ya hapo.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Hoima, Masindi, Arua au Kampala anayetaka kuwa afisa mauzo wa kampuni inayohudumia visima na mitambo ya mafuta ghafi. Kuuza petroli na dizeli vituoni ni biashara nyingine, yenye wateja wengine na sheria nyingine.

Jua nani hasa ananunua

Mafuta ya kutosha kufanyiwa biashara yalithibitishwa katika Bonde la Albertine mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Tangu hapo pesa nyingi zinapita kwenye miradi mitatu. Tilenga, unaoendeshwa na TotalEnergies katika wilaya za Buliisa na Nwoya, ulipangiwa visima zaidi ya 400 na mapipa 190,000 kwa siku uzalishaji ukifika kileleni. Kingfisher, wa CNOOC, uko wilaya ya Kikuube kando ya Ziwa Albert, una visima 31 na lengo la mapipa 40,000 kwa siku. Wa tatu ni bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, ambapo kilomita 296 ziko Uganda. Pipa moja ni lita 159.

Wanaoanza wengi hupeleka barua TotalEnergies au CNOOC wakitaka kuuza glavu na vali, kisha wanangoja jibu mwaka mzima. Kampuni hizo hutoa mikataba mikubwa kwa wakandarasi wakuu, na wakandarasi hao ndio wanaonunua vitu vya kila siku. Kuchoronga Tilenga kulipewa ZPEB, mtambo wake wa kuchakata mafuta ukapewa McDermott na Sinopec, COSL wakachoronga Kingfisher, na CPP wakapewa kulaza bomba. Chini yao kuna kampuni za matope ya kuchorongea, saruji ya visima, vipimo, usafiri, kambi na chakula. Mteja wako wa kwanza yuko ngazi ya pili au ya tatu.

Chukua daftari, na kwa kila mkandarasi andika: ana mkataba gani, unaisha lini, ofisi ya ununuzi iko wapi, nani anaagiza, nani anaidhinisha, nani anatumia. Hao watatu wa mwisho mara nyingi si mtu mmoja. Injinia wa kambini anataka kitu kifanye kazi. Ofisa ununuzi aliye Kampala anataka karatasi zisizo na dosari na bei anayoweza kuitetea mbele ya mkaguzi. Mtunza stoo anataka mzigo ufike na lebo inayofanana na oda. Wauzaji humsahau huyu wa tatu, na ndiye anayejua ukweli wa matumizi. Swali moja la heshima getini, "Mzee, habari za kazi. Hizi sili za pampu ya matope mnatumia ngapi kwa wiki, na zilizobaki zitawafikisha lini?", linaweza kukuambia oda inakuja wiki tatu kabla haijaandikwa.

Angalia mradi uko hatua gani

Wakati wa kuchoronga, kinachouzwa ni biti (ncha za kuchorongea), matope, barite na bentonaiti za kuyatengeneza, mabomba ya keisingi yanayotia ukuta kisima, saruji, na vipuri vya rigi. Kazi hii ina pesa nyingi na inaisha. Rigi ikimaliza inaondoka, na muuzaji aliyejua biti peke yake anabaki na kadi za biashara.

Uzalishaji hudumu miaka 20 na zaidi. Huko zinatakiwa kemikali za kuzuia kutu, za kuua bakteria na za kutenganisha maji na mafuta, pampu za ndani ya kisima na vipuri vyake, vali, gasketi, vyombo vya kupimia na huduma ya kuvihakiki. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na katika joto la kawaida la hewa huganda. Ndiyo sababu bomba la EACOP limebuniwa lipashwe joto na kubaki juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa hiyo kila kinachohusu nta kitakuwa na soko la kudumu: dawa za kuizuia isigande, vifaa vya kukwangua mabomba kwa ndani, vifuniko vya kutunza joto, vipimajoto.

Uganda iko kwenye mpito kutoka ujenzi na uchorongaji kwenda uzalishaji. Anayechagua bidhaa ya kujifunza leo, aelekee uzalishaji. Tunalisema bila kusita.

Sheria inayokufungulia mlango

Kanuni za ushiriki wa wazawa za mwaka 2016, zilizotungwa chini ya Sheria ya Petroli ya 2013, zimetenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa kampuni za Uganda. Zimo usafirishaji, ulinzi, chakula na vinywaji, malazi, vifaa vya ofisi, mafuta ya magari, upimaji wa ardhi, uwakala wa forodha, ukodishaji wa kreni, vifaa vya ujenzi vinavyopatikana nchini, kazi za ujenzi, na vifaa vya kuchorongea na vya uzalishaji vinavyopatikana nchini. Kampuni ya kigeni inayotaka kutoa huduma ambayo kanuni zinadai ubia inatakiwa iungane na kampuni ya Uganda yenye angalau asilimia 48 ya hisa katika ubia huo.

Maana yake kwa mtafuta kazi: kampuni ya kigeni yenye bidhaa nzuri inahitaji mshirika wa Uganda, na mshirika wa Uganda mara nyingi hana mtu anayeijua bidhaa hiyo. Nafasi nyingi za mauzo ziko hapo katikati.

Mamlaka ya Petroli ya Uganda, PAU, iliyo Entebbe, ina rejesta mbili usizoweza kuziruka. Ya kwanza ni Hifadhidata ya Taifa ya Wasambazaji. Kampuni isiyomo haipaswi kupewa kazi kwenye miradi hii, basi kabla ya kukubali ajira, thibitisha kuwa mwajiri wako yumo na usajili wake haujapitwa na wakati. Ya pili ni Rejesta ya Taifa ya Vipaji vya Mafuta na Gesi, na hiyo ni ya mtu binafsi. Jisajili, pakia vyeti vilivyoskaniwa vizuri, na uweke jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, faili linaweza kukwama kwenye uhakiki.

Chagua njia ya kuingilia

Njia ya kwanza ni ya uwanjani. Unaanza kama fundi au injinia msaidizi wa kampuni ya huduma, unakaa kambini miaka miwili au mitatu, kisha unahamia mauzo. Chuo cha Petroli cha Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, kinafundisha mafundi, na Makerere ina shahada ya jiosayansi ya petroli na uzalishaji. Mtu wa njia hii akiingia kikaoni anasikilizwa, kwa kuwa ameona kitu kikiharibika kwa macho yake.

Njia ya pili ni ya mezani: ununuzi, stoo, uwakala wa forodha, usafirishaji. Diploma ya ugavi au biashara inatosha kuanza kama mratibu wa mauzo, yaani anayepokea maombi ya bei, kuandaa kotesheni (hati ya bei kwa mteja), kufuatilia kiwanda na kuandika ankara. Njia hii haina sifa kubwa, na tunaipendekeza kwa wengi. Mratibu anajifunza ndani ya mwaka mmoja mahali ambapo pesa hupotea, na kila mwezi anaona mamia ya namba za bidhaa.

Vyeti vya nyongeza vichague kwa mpangilio huu: usalama kazini kwanza (NEBOSH ya kimataifa inatambulika kila kambi), kisha udereva salama na huduma ya kwanza, kisha kozi ya bidhaa yenyewe inayotolewa na kiwanda, mara nyingi bure kwa wauzaji wake. Cheti cha kudhibiti mlipuko wa kisima, kama cha IWCF, ni ghali na kina muda wa kuisha. Kinamfaa mchorongaji. Muuzaji asikope pesa kukipata.

Kwenye wasifu, usiandike "mchapakazi anayependa changamoto". Andika ulichoshika: "Niliandaa kotesheni za vali na gasketi kwa wakandarasi watatu", "Nilitoa makontena Malaba kwa mfumo wa forodha wa pamoja". Ukiitwa kwenye usaili, uliza mambo matatu kabla ya kusaini. Kamisheni inalipwa oda ikiingia, ankara ikitoka, au pesa ikifika benki? Mteja akichelewa siku 120, kamisheni yangu inakuwaje? Nikiondoka, oda nilizoleta nazilipwa? Uandikiwe majibu.

Jifunze kusoma maelezo ya kitu

Hapa ndipo muuzaji hutofautiana na mpeleka barua, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua mabomba ya keisingi. Ombi la bei litasema kwa mfano "9 5/8, L80, BTC, R3". Namba ya kwanza ni kipenyo cha nje kwa inchi. L80 ni daraja la chuma katika API 5CT, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, na 80 maana yake chuma kinahimili angalau psi 80,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kabla ya kuanza kuvutika bila kurudi umbo lake. J55 ni 55,000, P110 ni 110,000. BTC ni aina ya uzi wa kuungia. R3 ni kundi la urefu. Likikosekana neno moja, hasa uzito kwa futi au aina ya uzi, usikisie. Rudisha swali kwa maandishi siku hiyo hiyo. Bomba lenye uzi usiolingana na mwenzake ni chuma kilichosafiri bure kutoka Mombasa.

Usimpandishie wala kumshushia mteja daraja kwa hisani. Utaambiwa "P110 ni imara zaidi, mpe hiyo". Chuma kigumu zaidi hupasuka kwa urahisi zaidi palipo na gesi ya salfaidi ya haidrojeni, na L80 inapendekezwa mara nyingi kwa sababu hiyo. Aliyeandika ombi ana sababu yake.

Sasa vali na flenji, yaani sahani za chuma zinazofungwa kwa boliti kuunganisha mabomba na vali. Kuna familia mbili zinazofanana kwa macho. Ya API 6A, inayotumika kwenye kichwa cha kisima, hutajwa kwa psi: 2,000, 3,000, 5,000, 10,000 na kuendelea. Ya ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, inayotumika kwenye mabomba ya mtambo, hutajwa kwa klasi: 150, 300, 600, 900, 1500, 2500. Flenji ya API ya psi 5,000 na ya ASME klasi 1500, kwa saizi nyingi, zinaweza kufungwa pamoja kwa boliti zile zile. Lakini klasi 1500 ya chuma cha kaboni, katika joto la kawaida, inahimili takriban psi 3,705 tu. Anayezichanganya ametengeneza mahali dhaifu pasipoonekana. Tofauti hiyo ikae kichwani kabla ya kuuza hata vali moja.

Gasketi za pete nazo zina mtego. Pete ya aina RX inaweza kukaa kwenye mfereji wa aina R. Pete ya BX haikai humo. Zikiwa mezani, zote ni pete za chuma zinazong'aa.

Mwisho wa haya, karatasi. Kwa vitu vya chuma vinavyobeba shinikizo, mnunuzi karibu daima ataomba cheti cha kiwanda cha aina 3.1 kwa kiwango cha EN 10204. Kwenye cheti kuna namba ya mkupuo, yaani kundi la chuma kilichoyeyushwa pamoja, na namba hiyo hiyo lazima iwe imegongwa au kuchapwa kwenye bomba au flenji. Mzigo ukifika kwako, usitazame boksi. Fungua, futa mafuta ya kuzuia kutu kwa kitambaa, soma herufi zilizogongwa ukingoni mwa flenji, linganisha na cheti tarakimu kwa tarakimu, piga picha. Dakika kumi hizo hufanywa Kampala, kwa sababu mkaguzi wa kambini atazifanya pia, na akikuta 7 mahali pa 1, mzigo unarudi.

Kuingia kwenye zabuni

Mpangilio wa kawaida ni huu: tangazo la kuonyesha nia, uchujaji wa awali, mwaliko wa zabuni, maswali na majibu, kuwasilisha, tathmini ya kiufundi, kisha bei. Bahasha ya bei hufunguliwa kwa waliopita ufundi tu. Kwa hiyo bei nzuri iliyo nyuma ya jibu la kiufundi lenye pengo haitasomwa na mtu.

Andaa faili moja linalosasishwa kila mwezi: cheti cha usajili wa kampuni kutoka URSB, namba ya mlipakodi na cheti cha kutodaiwa kodi kutoka URA, uthibitisho wa michango ya NSSF, leseni ya biashara, hesabu zilizokaguliwa, bima, sera ya usalama, barua ya kiwanda inayokuruhusu kuuza bidhaa yake, na uthibitisho wa kuwa kwenye hifadhidata ya PAU. Kinachoangusha wengi ni tarehe: cheti cha kodi kilichoisha wiki moja kabla ya kufunga zabuni, au barua ya kiwanda iliyosainiwa na mtu aliyekwishaondoka.

Dodoso la usalama litauliza kiwango cha ajali. Angalia kipimo. Chama cha kimataifa cha wazalishaji, IOGP, hukokotoa kwa saa milioni moja za kazi. Mfumo wa Marekani hukokotoa kwa saa 200,000. Kampuni yenye majeruhi 2 katika saa 500,000 ina 4 kwa kipimo cha kwanza na 0.8 kwa cha pili. Ukijaza 0.8 palipoulizwa kwa milioni, umetoa taarifa ya uongo bila kukusudia, na mkaguzi ataichukulia kama uongo.

Kwenye jibu la kiufundi, jibu kila kifungu kwa namba yake: "tunakubali", "tunakubali kwa sharti hili", au "hatukubali, tunapendekeza hiki". Ukinyamaza kwenye kifungu, umekikubali. Masharti mabaya ya fidia ya kuchelewa huingia hivyo.

Hesabu ya bei

Chukua mfano wa kufikirika. Mzigo wa vali umekugharimu dola 24,000 hadi stoo ya Hoima, pamoja na meli, bima, ushuru, wakala na lori. Umeweka faida ya asilimia 8, bei ni dola 25,920 kabla ya VAT. Faida kwenye karatasi ni 1,920.

Mteja analipa baada ya siku 90, na benki inakutoza asilimia 18 kwa mwaka. Robo mwaka ni asilimia 4.5, yaani dola 1,080. Imebaki 840. Mteja akiwa wakala wa kodi ya zuio, atakata asilimia 6 ya bei, dola 1,555, na kuipeleka URA kwa jina lako. Kodi hiyo utaidai kwenye ritani yako, lakini leo mfukoni umepungukiwa na dola 715 baada ya kuuza kwa faida. Kampuni ndogo za wazawa hufa hivi, zikiwa na oda mkononi. Dawa ni tatu: omba URA msamaha wa kodi ya zuio kama kampuni inalipa kodi vizuri, jadili siku 30 badala ya 90 hata kwa kupunguza bei kidogo, na usichukue oda kubwa ya mkopo bila kuweka riba ndani ya bei. VAT ya asilimia 18 iandike mstari wake peke yake, isichanganywe.

Andika pia bei inakoishia. Masharti ya kimataifa ya usafirishaji yana maana kamili: EXW: mteja anachukua kiwandani mwenyewe; CIF Mombasa: unalipa meli na bima hadi bandarini; DDP Buliisa: kila kitu ni chako, ushuru ukiwemo. Ukiandika "bei ni pamoja na usafiri" bila neno zaidi, mzozo utakuja siku lori likikwama. Weka muda wa bei kuwa halali, siku 30 kwa kawaida, na sarafu.

Kufikisha mzigo

Mzigo mwingi huingia Mombasa na kuvuka Malaba au Busia. Hakiki mapema kama bidhaa iko kwenye orodha inayohitaji cheti cha ulinganifu cha UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla ya kupakiwa, kwa sababu cheti hicho hutolewa nchi inakotoka na mzigo ukishafika mpakani umechelewa. Vyanzo vya mionzi vinavyotumika kupima visima vinahitaji kibali cha Baraza la Nishati ya Atomiki. Usiahidi tarehe kabla ya kibali. Kwa mizigo mizito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Barite ni jiwe zito, kontena hufika kikomo cha uzito likiwa halijajaa nusu. Muuzaji anayehesabu kwa nafasi badala ya uzito atalipia malori zaidi kuliko aliyoyaweka kwenye bei.

Baada ya Hoima hali hubadilika. Kingfisher iko kwenye tambarare ya Buhuka, chini ya ukingo mkali wa bonde, na lori hushuka kwa barabara ya mteremko yenye kona. Sehemu ya Tilenga iko ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, ambako mwendo ni mdogo na kuna masaa ya kupita. Kampuni za mafuta kwa jumla huzuia safari za usiku. Lori linalotoka Kampala saa sita mchana halitapokelewa siku hiyo. Litalala njiani, na siku moja ya lori ni gharama yako. Panga litoke mapema, ama lilale Hoima na kuondoka alfajiri.

Dereva awe na: leseni halali, karatasi ya kukaguliwa gari, helmeti, buti zenye ncha ya chuma, fulana ya kung'aa, orodha ya mzigo, nakala ya oda, na kwa kemikali, karatasi ya usalama ya kila aina. Mfundishe maneno ya getini. "Habari za kazi, afande. Nimeleta mzigo wa stoo, namba ya oda ni hii, anayenipokea ni fulani." Dereva asiyejua jina la mpokeaji hukaa nje ya geti hadi jioni. Buliisa utasikia Kigungu na Kialuri, Hoima Kinyoro, lakini Kiswahili kinamfikisha dereva popote, kuanzia bandarini hadi kwa walinzi, na ukipata kazi za EACOP upande wa Tanzania ndicho lugha ya mikutano ya vijijini.

Mabomba yasafiri na vifuniko vya nyuzi vikiwa vimefungwa ncha zote mbili, juu ya mbao, kamwe si chuma juu ya chuma. Uzi uliogongwa mara moja kwenye trela unatosha bomba kukataliwa.

Zawadi, chai na "kitu kidogo"

Utaombwa. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya Uganda ya 2009 inamfunga anayetoa na anayepokea, na wateja wakubwa wengi wanabanwa pia na sheria za nje, kama ya Marekani ya 1977 na ya Uingereza ya 2010. Kampuni moja ikigundua, jina la mwajiri wako linaondolewa kwenye orodha ya wauzaji, na katika soko dogo kama letu habari hufika kote kabla ya wiki kuisha. Kalenda, kofia, chakula cha mchana cha kazi, andika kwenye daftari la zawadi. Fedha taslimu, muda wa maongezi wa simu kila Ijumaa, ada ya shule ya mtoto wa ofisa ununuzi, kataa waziwazi na kwa adabu: "Ndugu yangu, kampuni yetu hairuhusu, na mimi kazi hii naitaka." Kisha mwambie bosi wako siku hiyo.

Kulipwa

Ankara hulipwa ikiwa na vitu vinne vinavyofanana: namba ya oda, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na kugongwa muhuri, kiasi, na maelezo ya bidhaa neno kwa neno kama yalivyo kwenye oda. Ukiandika "vali" wakati oda inasema "vali ya lango", mfumo wa mhasibu unaweza kuikataa na hesabu ya siku ikaanza upya. Ankara itoke kwenye mfumo wa kielektroniki wa URA, EFRIS. Dereva asirudi bila saini inayosomeka na jina kamili la aliyepokea. Picha ya hati hiyo itumwe ofisini akiwa bado getini, ili kosa lirekebishwe pale pale.

Siku saba baada ya kutuma, mpigie mhasibu, si ofisa ununuzi, umuulize kitu kimoja: ankara imeingia kwenye mfumo au la. Ucheleweshaji mwingi unaotatulika hutatuliwa kwenye simu hiyo. Ukiwa naye, muulize wanafanya malipo siku gani ya wiki. Halafu rudi kwa mtunza stoo, umuulize kama zile sili zimekaa sawa, na zimebaki ngapi.